Kumi na Tatu kati ya Ishirini

Ukitaka kujua mtu aliyesomea mchwa aliingiaje kwenye utafiti wa saratani ya matezi, usimuulize mwenyewe, maana hata yeye hajui vizuri. Alimaliza chuo akiwa na cheti kinachosema anamfahamu mchwa nje ndani: anachokula, anavyojenga, anavyogombana na siafu. Kisha akakaa nyumbani miezi minane akisubiri aitwe na mtu mwenye shida na mchwa. Wenye shida na mchwa ni wengi, lakini wote walitaka wauawe, hakuna aliyetaka wachunguzwe. Ndipo siku moja akaona tangazo la maabara inayotafuta msomaji wa vioo, awe na subira na macho mazuri. Akadhani ni vioo vya wadudu, akaomba.

Kwenye usaili alikuta mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa, ambaye kila mtu pale alimwita Mkuu. Mkuu hakumuuliza habari za chuo wala za mchwa. Alimuuliza swali moja tu: anaweza kukaa kitini muda gani bila kuinuka?

"Hata siku nzima," akajibu.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi."

Jumatatu hiyo akakalishwa mbele ya hadubini, akainamisha jicho, akaona bahari ya zambarau na waridi isiyo na kichwa wala miguu. Akatafuta weee. Mwishowe akauliza kwa adabu wadudu wako wapi. Fundi wa maabara alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Wadudu? Hiyo ni shingo ya mtu, binti."

Fundi huyo walimwita Nta, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzamisha vipande vya nyama ndani ya nta, kuviacha vigande, kisha kuvikata vyembamba kuliko karatasi, kuvilaza juu ya kioo na kuvitia rangi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na mikono yake ilinuka dawa hata siku za mapumziko. Yeye ndiye aliyempa yule binti jina la Msomaji, akalitamka kwa utani, na utani ukageuka jina.

Kazi yenyewe ilielezeka kwa dakika tano. Ndani ya tezi la shingoni, la kwapani au la kinenani kuna viduara, na ndani ya viduara hivyo ndimo seli zinamofundishwa kupigana na magonjwa. Mtu akiwa na jino bovu au kidonda, tezi linachapa kazi, viduara vinajaa, shingo inavimba. Mtu akiwa na aina fulani ya saratani ya matezi, ile inayokwenda polepole, viduara vinajaa vilevile na shingo inavimba vilevile. Hapo ndipo akili ya Msomaji ilipogota ukutani.

"Sasa tofauti iko wapi?" akauliza.

"Utaiona," Mkuu akasema.

"Nitaionaje?"

"Kwa kutazama."

Mimi sijui ni nani aliyewadanganya walimu kwamba hilo ni jibu. Msomaji alitazama wiki, akatazama mwezi, na kila alivyozidi kutazama ndivyo vioo vyote vilivyozidi kuwa kitu kimoja. Utafiti wa Mkuu ulitaka kujua kama ugonjwa huo unaweza kutambuliwa mapema kwa rangi ya kawaida peke yake. Kila kioo kilisomwa na watu wawili wasioshauriana: Mkuu kwanza, kisha Msomaji, kila mmoja na karatasi yake, anaandika "salama" au "ugonjwa". Mwisho wa mwezi karatasi ziliwekwa pamoja. Palipo na tofauti, wawili hao walikaa kwenye hadubini yenye vichwa viwili, wanatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kwa sheria ya Mkuu mdogo ndiye aliyeanza kusema. Mwaka ukiisha wamekubaliana mara tisa katika kila kumi, Msomaji angethibitishwa kuwa mtafiti kamili. Wasipofika hapo, angepewa asante na kurudi kwa mchwa wake.

Mwezi wa kwanza walikubaliana nusu, na nusu hata mtu aliyefumba macho angeipata. Mwezi wa pili hata nusu hawakufika. Kule kuanza kusema ndiko kulikomshinda zaidi. Alikuwa akisema "ugonjwa" kwa sauti inayopanda juu mwishoni, na Mkuu bila kuondoa jicho alimjibu, "Unaniambia au unaniuliza?"

Kisha akaziona nukta.

Mkuu alikuwa na mazoea, kama walivyo wengi wa kazi ile, ya kuweka nukta ya wino juu ya kioo pale anapotaka kurudi kutazama tena. Kioo chenye ugonjwa kilitoka kwake na nukta tatu au nne, kilicho salama kilitoka kitupu. Kabla kioo hakijaenda kwa msomaji wa pili, Nta alitakiwa kuzifuta nukta hizo kwa spiriti. Lakini Nta aliiogopa spiriti. Mwaka mmoja nyuma ilipenya chini ya kifuniko cha kioo ikaharibu kipande kilichokuwa cha pekee, na Mkuu akamsema mbele ya wageni mpaka akatamani ardhi ipasuke. Tangu hapo alifuta kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikavu kinaondoa wino, ila kinaacha kivuli chake, kivuli ambacho huwezi kukiona mpaka uinamishe kioo kwenye mwanga wa dirishani.

Msomaji hakukusudia kuiba. Aliinamisha kioo kimoja ili afute alama ya kidole chake mwenyewe, akakiona kivuli, akatazama mahali pale, na kweli pale palikuwa na kitu cha ajabu kidogo, au palionekana kuwa nacho. Siku ya pili akakiinamisha kingine kwa kuhakikisha tu. Mwezi wa tatu wakakubaliana mara nane katika kumi. Mwezi wa sita wakakubaliana vioo tisini na vinne katika mia. Mkuu, ambaye kusifu kwake ni kama kung'olewa jino, alimwekea mkono begani akauacha hapo kwa muda. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakaanza kuletwa kwake awaonyeshe kazi inavyofanywa.

Na kibaya ni kwamba alijiamini. Kuinamisha kioo dirishani kulishakuwa kitu cha mkono tu, kama mtu anavyopuliza chai kabla ya kunywa, akili haikuwemo. Mtu angemuuliza anajuaje, angeeleza kwa ufasaha kuhusu umbo na mpangilio, na angeapa kwamba ndivyo alivyoona.

Nyumbani, sifa zake zilikuwa zimevuka mpaka siku nyingi. Alilelewa na mama yake mdogo, fundi cherehani, aliyeshonea chumba cha mbele na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Mama mdogo aliwaambia wateja wote kwamba mwanawe ni daktari wa matezi. Mtu alikuja kupimwa gauni, anatoka amebonyezwa shingo.

"Mama mdogo, mimi si daktari. Mimi nasoma vioo."

"Na huyo daktari anajuaje kama wewe hujasoma?" akajibu, sindano zikiwa kati ya meno. "Inua kidevu, mwonyeshe huyu jirani palipovimba."

Kumbe aliyevimba ni Mama mdogo mwenyewe. Chini ya sikio la kushoto alikuwa na uvimbe mgumu usiouma, akauficha kwa kilemba miezi mitatu akisingizia jino. Jino liling'olewa, uvimbe ukabaki. Msomaji aliugundua siku utepe ulipokataa kukaa sawa, akamkokota mpaka kliniki, na huko wakamkata kinyama cha uchunguzi. Muuguzi akauliza kama kipande kimoja kinaweza kwenda kwenye utafiti.

"Kama ni kazi ya mwanangu, chukueni lote," Mama mdogo akasema, akatia saini kubwa iliyotoka nje ya mstari.

Msomaji alikiona kibandiko kwenye kichupa: mia nne kumi na saba. Alijaribu kukisahau. Sheria ya maabara ilikuwa wazi, ukimjua mwenye kioo unairudisha trei na kusema, naye alikusudia kufanya hivyo siku ikifika.

Baada ya siku tano kliniki ikatoa majibu, yaliyosomwa na Mkuu yuleyule, maana ndiye aliyeisomea kliniki vioo vyake pia: tezi limevimba kwa kazi zake, si saratani. Mama mdogo akafunga cherehani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa, akalala usingizi wa mtoto. Msomaji naye akapumua kwa mara ya kwanza tangu siku ya utepe.

Trei ilifika Jumanne. Kioo cha mia nne kumi na saba kilikuwa safu ya pili. Alipaswa kuirudisha. Akajiambia majibu yameshatoka, kuna ubaya gani. Mkono ukakiinamisha dirishani wenyewe, na kioo kilikuwa cheupe peee, hakikuwa na kivuli hata kimoja. Akaishika kalamu aandike "salama".

Kabla hajaandika akainama tena kwenye hadubini, na safari hii hakuwa kazini. Alitaka tu kuliona tezi la mama yake mdogo, lile lililoning'inizwa utepe miaka yote hiyo. Na kwa kuwa hapakuwa na kivuli cha kumwambia atazame wapi, alitazama kote.

Viduara vilikuwa vingi mno. Vilikuwa na ukubwa mmoja na vimebanana bega kwa bega. Tena katika tezi la kawaida, katikati ya kila kiduara huwa kuna seli kubwa nyeupenyeupe zinazozurura zikifagia zilizokufa, na hapa alizitafuta hakuiona hata moja. Akaandika "ugonjwa". Akakata. Akaandika "salama". Akakata. Ile karatasi haikuwahi kuchafuka namna ile kwa muda wa miezi kumi.

Je, alikuwa ameona, au alikuwa ameogopa? Hilo ndilo lililomvuruga. Mtu mwingine angejiuliza, macho yangu husemaje siku nyingine? Yeye hakuwa na siku nyingine. Siku zake zote zilikuwa za Mkuu. Alitafuta moyoni kioo kimoja tu alichowahi kukisoma peke yake tangu mwezi wa tatu, akakikosa, na hapo ndipo alipojua alichokuwa akifanya. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Sasa fikiria alivyobanwa. Akienda kwa Mkuu na kusema kioo hiki nakikataa, angesikilizwa, kwa sababu ya ile tisini na nne. Lakini tisini na nne ilikuwa ya wino. Akisema habari ya wino, neno lake kuhusu kioo halitakuwa na thamani ya ganda la karanga. Na akinyamaza, na macho yake yakawa yameona kweli, basi mtu aliyemlea atabaki akishona huku kitu kikikua shingoni, na cheti mkononi kinachosema hana kitu.

Siku mbili hakula vizuri. Mama mdogo alikuwa akiimba juu ya cherehani, kilemba amekivua, shingo iko wazi.

"Mbona unanitazama shingo kama mchinjaji?"

"Sikutazami."

"Hata kusema uongo umesahau. Au ni mapenzi? Sema, nimpime na yeye suti."

Msomaji akacheka kwa kulazimisha, akaingia ndani, akalia kimyakimya na mdomo ameubana kwenye mto.

Siku ya tatu alimfuata Nta kwenye chumba chake cha nta. Akamwomba vioo ishirini vya zamani, ambavyo majibu yake ya mwisho yalishajulikana na yeye hajawahi kuvisoma. "Na uvioshe kwa spiriti, kaka. Pande zote."

Nta alikuwa akinoa kisu. Akaacha.

"Kwa spiriti," akarudia. Akamtazama, akatazama kile kitambaa chake kikavu mezani, na Msomaji akaona jambo zima likimwingia. "Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Nta akakaa kwenye kiti kidogo. "Basi na mimi nimo," akasema. Kisha akainuka, akavaa glavu, akaviosha vioo ishirini kimoja kimoja, akizuia pumzi kila spiriti ilipokaribia ukingo wa kifuniko.

Msomaji alivisoma kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Nta akafungua bahasha ya majibu, akasahihisha kwa penseli, midomo ikitikisika. Kumi na tatu.

Kumi na tatu kati ya ishirini ni namba ya ovyo kuliko zote. Angepata sita, angejua macho yake ni bure, anyamaze, amwamini Mkuu. Angepata kumi na tisa, angekwenda kugonga mlango kwa kishindo. Kumi na tatu haimwambii mtu aseme wala anyamaze. Alitoka kwenda stoo ya baridi, akasimama katikati ya droo za vipande vya nta, maelfu ya shingo na makwapa ya watu, akajaribu kufikiri na hakuna fikra iliyokuja. Alipotoka bado hakuwa amekata shauri. Miguu ilikwenda yenyewe kwa Mkuu.

Alieleza yote akiwa amesimama: kivuli, dirisha, tisini na nne, kumi na tatu, na kioo cha mia nne kumi na saba. Mkuu hakumkatiza. Alivua miwani ya machoni, akaiweka mezani, na bila miwani uso wake ulionekana umechoka na mzee.

"Miezi saba," akasema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Unajua utafiti huu umesimama juu ya nini? Watu wawili wasiosikilizana. Basi. Wewe umekuwa ukinisikiliza mimi miezi saba, na mimi nimekuwa nikijisifu kwamba nimepata mtu."

"Na Nta?"

"Nta alifuta. Mimi ndiye niliyetazama."

"Hicho kioo ni cha nani?"

"Cha mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea."

Mkuu akafumba macho. "Kwa hiyo msomaji asiyejua kusoma ananiletea kioo cha mama yake, kilichokwisha kusomwa na mimi, anataka niamini macho yake."

"Sijui kama nataka uyaamini. Mimi mwenyewe siyaamini. Nimeshindwa tu kunyamaza."

Birika la umeme lilichemka kwenye kona, likajizima, na hakuna aliyeinuka. Kisha Mkuu akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi ya ishirini."

Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. "Hivi saba ulivyokosa, ulikosea upande gani?"

Msomaji alikuwa amehesabu alama, hakutazama upande. Wakapitia pamoja. Kioo cha pili: kina ugonjwa, aliandika salama. Cha tano, hivyohivyo. Cha sita, cha kumi na moja. Vyote saba vilikuwa vya wagonjwa aliowaachia wapite.

"Na uliposema ugonjwa? Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na vyote vitatu?"

Akatazama. "Vina ugonjwa."

Mkuu akarudisha miwani machoni. "Wewe mwoga. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza. Husemi ugonjwa mpaka ukurukie usoni. Mara tatu ni chache mno, nikizipeleka mbele ya wenzangu watanicheka. Lakini hujasema ugonjwa mahali ambapo haupo, na kwenye kioo cha mama yako umesema." Akainuka. "Njoo."

Wakakaa kwenye hadubini yenye vichwa viwili. Mkuu akaweka kioo. Mdogo ndiye anayeanza. Msomaji akasema ukubwa ni mmoja, vimebanana, na wafagiaji hawamo. Mwisho wa sauti yake haukupanda juu. Mkuu akakisogeza kioo kidogo, akakisogeza tena, akakaa pale kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kwenye kioo chochote. Kisha akamwita Nta, akamwambia akate kipande kipya, akitie rangi ya pili.

Rangi ya pili ndiyo iliyokuwa hakimu. Inashika ile protini inayozikataza seli zisife. Katika tezi la mtu mzima wa afya, katikati ya viduara hubaki buluu, maana pale seli zina ruhusa ya kufa. Pakigeuka kahawia, maana yake zimekataa. Iliyokuwa ikisubiriwa ni rangi moja kati ya mbili, na ilichukua mpaka mchana wa siku iliyofuata.

Nta alikileta kioo kwa mikono miwili. Mkuu akakaa upande wake. "Anza."

Msomaji akainama. Kahawia. Kiduara cha kwanza katikati ni kahawia, cha pili kahawia, akaenda huku na huku na kila mahali ni kahawia. Na hapo, wala sitamficha, alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka nyayoni. Miezi kumi ya kupapasa gizani, miezi saba ya kutazama kwa macho ya mtu mwingine, na sasa alikuwa ameona yeye, peke yake, kitu kilichompita hata Mkuu.

"Kahawia," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye orodha ya waliofaulu. "Katikati, vyote. Niliona."

Akainua kichwa akitabasamu. Mkuu hakuwa akitabasamu. Nta alikuwa anatazama sakafu. Ndipo akakumbuka ni shingo ya nani.

Mkuu aliandika marekebisho kwa mkono wake. "Nilikisoma mwisho wa siku, nimechoka, baada ya vioo sitini. Hilo ni langu, na nitamwambia mwenyewe," akasema. Halafu akaendelea kwa sauti ileile kwamba vioo vyote alivyosoma Msomaji vimefutwa kwenye utafiti, na kuanzia Jumatatu anarudi trei ya kwanza kabisa, vioo vikioshwa kwa spiriti mbele ya Mkuu mwenyewe.

"Kwa nini hunifukuzi, Mkuu?"

Mkuu akafikiri. "Sijui," akasema, na Msomaji hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Kesho yake Mkuu alikwenda kliniki kama alivyosema, akakaa mbele ya Mama mdogo bila koti la maabara, akamwambia alikosea. Daktari akaeleza kwamba ugonjwa huu unakwenda polepole, una dawa, watu wanaishi nao miaka na miaka, na matibabu yangeanza wiki inayofuata. Mama mdogo aliuliza kama nywele zitatoka na kama mikono itapoteza nguvu ya mkasi. Akashukuru kwa adabu.

Walipofika nyumbani Mama mdogo hakubadilisha nguo. Alikaa kwenye cherehani, akachukua gauni la mteja lililokuwa limebaki upindo, akaanza kukanyaga. Msomaji akavuta kigoda akakaa karibu.

"Nani aliyeliona?" Mama mdogo akauliza bila kuinua macho.

"Mimi."

"Si yule mwenye miwani mbili?"

"Yeye lilimpita. Niliona mimi."

Mguu ukaacha kukanyaga. "Na ulipoliona, ulijisikiaje?"

Alikuwa na uongo wa kila aina tayari mdomoni, na wowote ule ungepokelewa. Lakini alikuwa amechoka kusema kisichokuwa chake.

"Nilifurahi, Mama mdogo. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimesahau kuwa ni wewe."

Mama mdogo alimtazama. Msomaji akasubiri kufukuzwa, au kofi, au kilio, na angepokea chochote kati ya hivyo. Yule mama akarudisha macho kwenye gauni.

"Basi angalau mmoja wetu alifurahi siku hiyo," akasema. Akamwambia ashike upande wa pili wa kitambaa akivute sawasawa, kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka na upindo ungekwenda kombo.